Mizani ya Kihonda: Kuhesabu au Kupima?

Neno mizani lina bahati ya kutumika mahali pengi. Mshairi hulitumia akiwa na maana ya idadi ya silabi katika mshororo wake. Mwenye duka hulitumia akiwa na maana ya chombo cha kupimia sukari na mchele. Dereva wa lori la masafa marefu akilisikia, huwaza kile kituo cha barabarani ambako gari lake hupandishwa juu ya bamba la chuma na uzito wake kusomwa kwa tani. Na mbele ya mahakama, mizani ni alama ya haki yenyewe. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni moja: kulinganisha kitu na kitu mpaka ijulikane kipi kimezidi. Lakini ukitazama kwa makini utaona kwamba mizani hizi hazifanyi kazi moja. Ya mshairi huhesabu. Ya dukani na ya barabarani hupima. Na baina ya kuhesabu na kupima kuna suali zito la maadili, nalo ndilo ninalotaka kulitazama hapa: tunapotaka kutenda haki, je, tukihesabu kila kimoja kuwa sawa na mwenziwe, au tukipime kila kimoja kwa kile kilichobeba?

Tuanze na mizani tunayoijua zaidi sisi wapenzi wa ushairi. Shairi la tarbia lililozoeleka lina mishororo minne katika ubeti, na kila mshororo una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Utenzi huenda kwa mizani 8. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni hizi katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Miaka ya 1970 wakatokea waliouliza ikiwa kanuni hizo ni roho ya ushairi au ni vazi lake tu, na diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, ikawa katikati ya ubishi huo. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mjadala ule na sina haja ya kuufufua. Ninalotaka kulionesha ni jambo dogo ambalo pande zote mbili zililipita bila ya kulitazama sana.

Mizani ya shairi haiulizi uzito wa silabi. Chukua neno mtu. Lina silabi mbili, m na tu. Ile m haina hata irabu ya kuegemea. Ni mvumo wa midomo iliyofumbwa. Hata hivyo, katika hesabu ya malenga inapewa mizani moja kamili, sawasawa na silabi nzito kama ngwa au shwa. Hakuna silabi tajiri wala silabi maskini. Aliyekuja na sauti kubwa na aliyekuja na mnong'ono wote wameketi mstari mmoja, na ikikosekana ile m nyonge, mshororo mzima umepungua na msikilizaji hodari ataukamata. Hii ni haki ya kuhesabu. Uzuri wake ni kwamba haipendelei. Udhaifu wake ni kwamba haioni.

Wazee wa mwambao walizijua namna zote mbili. Nafaka waliipima kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Hicho ni kipimo cha ujazo: kibaba cha mchele mzuri na kibaba cha mchele mbovu vyote ni kibaba. Karafuu waliipima kwa frasila, yaani ratili 35 hivi, nacho hicho ni kipimo cha uzito. Na kila aliyewahi kuanika karafuu anajua kwamba hata frasila inaweza kudanganya, kwani karafuu ambayo haikukauka vyema ni nzito zaidi, na anayeiuza anauza maji kwa bei ya karafuu. Basi suali halikuwa tu kuhesabu au kupima. Lilikuwa pia: ukipima, unapima nini hasa?

Sasa tuvuke bahari twende Bara. Kihonda ni eneo la Manispaa ya Morogoro, upande wa kaskazini wa mji, kwenye barabara inayotoka njia panda ya Msamvu kwenda Dodoma. Ukisimama huko ukaelekea kusini, Milima ya Uluguru inasimama mbele yako, vilele vyake vikipita meta 2,600, na mito yake ikiteremka kwenda kuujaza Ruvu unaowanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Katika orodha ya vituo vya mizani ambavyo Wakala wa Barabara, TANROADS, umewahi kuviendesha, jina la Kihonda limo. Shehena zinazotoka bandarini kwenda Dodoma, Singida, Mwanza, na mbele zaidi mpaka Rwanda na Burundi, hupita njia hiyo. Kwa hiyo madereva wengi ambao hawajui chochote cha Kihonda, hawajui soko lake wala majirani zake, wamelijua jina lake kwa sababu moja tu: pale walipimwa.

Mizani ya barabarani ina siri ambayo haionekani kwa macho. Mtu angedhani kwamba lori lenye mzigo mara mbili huiumiza barabara mara mbili. Sivyo. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, baina ya mwaka 1958 na 1960, yalionesha kwamba madhara ya ekseli juu ya barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli yenye uzito mara mbili huharibu mara 16. Ndiyo maana wahandisi hawahesabu magari yaliyopita tu, wala hawajumlishi tani zilizopita tu. Kila ekseli huibadilisha iwe sehemu ya ekseli ya kipimo maalumu, kwa kuipa uzito unaolingana na madhara yake, kisha ndipo wakajumlisha. Magari madogo elfu yanaweza kupita na barabara isijue kwamba yamepita. Lori moja lililozidisha linaandika jina lake juu ya lami.

Tukilijua hili tutauelewa vizuri ubishi wa mwaka 2013. Wakati huo magari yaliyozidisha uzito kwa asilimia 5 au chini yake yalikuwa yakisamehewa tozo. Mwezi wa Oktoba, Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliuondoa msamaha huo. Wenye malori wakagoma, shehena zikakwama, na hatimaye Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, akaurejesha. Watu wakabishana: asilimia 5 ni nini hata nchi isimame? Ukihesabu kwa tani, ni kidogo kweli. Ukipima kwa madhara, ekseli iliyozidi kwa asilimia 5 huongeza uharibifu kwa takriban asilimia 22. Kila upande ulikuwa na lake la kusema, na sitaki kuwa hakimu wa jambo lililokwisha. Lakini ni dhahiri kwamba waliokuwa wakibishana walikuwa na mizani mbili mikononi, na neno "kidogo" halikuwa na maana moja kwenye mizani hizo.

Kuna jambo la pili. Chini ya Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia tarehe 1 Machi 2019, uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56. Lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake. Kwa hiyo lori laweza kuwa halali kwa jumla na likawa na kosa kwa ekseli moja, kwa sababu tu mzigo umepangwa vibaya. Jumla ni sawa, wastani ni sawa, na barabara inapasuka. Tuliweke akilini hilo, kwani tutalihitaji tutakaporudi kwa wanaadamu.

Wanaoshughulika na kemia ya kwantamu, yaani elimu ya tabia za atomi na molekuli kwa kufuata sheria za vitu vidogo kabisa, wamekutana na suali hili hili wakiwa mbali sana na barabara. Molekuli zilizomo katika glasi ya maji haziendi kwa mwendo mmoja. Zipo za polepole, zipo za wastani, na zipo chache zenye nishati kubwa. Ludwig Boltzmann, mwanafizikia wa Austria aliyefariki mwaka 1906, ndiye aliyetufundisha namna ya kuzipa mizani yake: kila ngazi ya nishati hupewa uzito, na uzito huo hupungua kwa haraka kadiri ngazi inavyopanda, ila joto likiongezeka, kupungua huko huwa kwa pole zaidi. Ukitaka kujua hali ya umati wa molekuli, hujumlishi tu na kugawa. Kila hali huitia katika hesabu kwa mizani yake ya nishati.

Faida yake iko wapi? Tuchukue mmenyuko wa kawaida wa kemia, ambao ili ufanyike molekuli hazina budi kuvuka kizuizi cha nishati cha kilojuli 50 kwa moli. Katika joto la sentigredi 25, sehemu ya molekuli zinazoweza kukivuka ni kama 2 katika bilioni. Ongeza joto mpaka sentigredi 35. Kwa kipimo cha wanasayansi, kinachoanzia kwenye sifuri halisi, joto limeongezeka kwa asilimia 3 na kitu tu, na nishati ya wastani ya mwendo wa molekuli nayo imeongezeka kwa kiasi hicho hicho. Lakini wale wachache wanaoweza kuvuka wameongezeka karibu mara mbili. Mwenye kutazama wastani atasema hapajatokea kitu. Mwenye kutazama mmenyuko ataona kwamba kasi imekuwa maradufu. Asilimia 5 ya lori imezaa 22. Asilimia 3 ya joto imezaa karibu 100. Hao ni ndugu wawili wa mama mmoja: pale ambapo tokeo haliendi sambamba na chanzo, wastani ni shahidi wa uongo.

Hadi hapa mtu angeweza kuhitimisha kwamba kupima ndiko kuzuri na kuhesabu ni ujinga wa zamani. Hitimisho hilo ni la hatari, na sisi watu wa Visiwani tuna sababu ya kulijua kabla ya wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash. Katika soko lile mtu hakuhesabiwa kuwa mmoja sawa na mwenziwe. Alipimwa. Alitazamwa meno, akashikwa mikono, akatembezwa, na bei yake ikafuata nguvu iliyokadiriwa kuwamo mwilini mwake. Njia za misafara zilizotoka Bagamoyo zilipita chini ya Uluguru, kwenye mji wa Simbamwene, mahali ambapo leo ni Morogoro. Mpagazi naye alikuwa na frasila zake za kubeba, na thamani yake njiani ilikuwa ni zile frasila. Ukitaka mfano wa watu waliopewa thamani kwa mizani ya nishati, usiende maabara, nenda Mkunazini. Haki ya kuhesabu, ile ya kibubu isiyoona, ndiyo iliyokuwa ikikosekana pale: kusema kwamba huyu ni mmoja na yule ni mmoja, basi.

Kwa hiyo tuna mizani mbili na kila moja ina aibu yake. Kuhesabu kunafumba macho mbele ya tafauti za kweli. Kupima kunaweza kumgeuza mtu kuwa mzigo. Tufanyeje?

Lipo tukio ambalo haliniruhusu kuliacha suali hili liwe mchezo wa akili. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mwendo mfupi kutoka Kihonda. Watu, wengi wao vijana, wakiwamo waendesha bodaboda, walikimbilia kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Moto ukalipuka. Waliokufa siku ile, pamoja na waliokufa baadaye kwa majeraha, walipita 100. Taifa likaomboleza kwa siku tatu, na wengi wa marehemu wakazikwa katika makaburi ya Kola, hapo hapo Morogoro. Halikuwa tukio la peke yake katika ardhi za Waswahili. Tarehe 31 Januari 2009 watu zaidi ya 100 walikufa namna hiyo Sachang'wan, Kenya, na tarehe 2 Julai 2010 zaidi ya 200 walikufa Sange, Kivu ya Kusini, Kongo.

Baada ya Msamvu yalisemwa mengi. Wengine waliwahesabu: 60, 80, 100, kama vile idadi ikikamilika maana nayo imekamilika. Wengine waliwapima, na kwa mizani nyepesi sana: walikuwa na tamaa, walikwenda kuchukua kisicho chao, basi wamevuna. Neno tamaa lilifanya kazi kama bamba la chuma la barabarani. Mtu alipandishwa juu yake, akasomwa uzito, akaondolewa.

Tuitazame petroli kwanza, kisha watu. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya zaidi ya megajuli 30. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini, huingia mitaroni, huizunguka miguu bila ya kuonekana. Hata kwenye baridi ya kugandisha petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto, seuze kwenye asubuhi ya Morogoro. Na cheche ya kuuwasha haihitaji hata milijuli 1. Iweke cheche hiyo kwenye upande mmoja wa mizani na lita moja kwenye upande wa pili, na upande wa pili utazidi kwa zaidi ya mara bilioni 30. Mtu aliyesimama pale na dumu lake hakuwa na chombo chochote mwilini cha kupimia tafauti hiyo. Macho humwambia kwamba ni maji yenye harufu. Uzoefu humwambia kwamba mafuta hununuliwa kila siku, hutiwa kila siku, na hakuna kinacholipuka. Wastani wa siku zake zote ulimwambia kwamba ni salama. Wastani, kama tulivyoona, ni shahidi wa uongo pahala kama pale.

Kisha watu. Boltzmann anatuambia jambo ambalo linanifaa hapa, nikilitumia kwa tahadhari: kizuizi peke yake hakitoshi kuamua wangapi watavuka. Kinachoamua ni kizuizi kikilinganishwa na joto. Kizuizi kile kile kilichowazuia karibu wote katika joto la chini, huvukwa na wengi zaidi joto linapopanda, ingawa chenyewe hakikupungua hata chembe. Hofu ya moto ni kizuizi, nacho kimo katika kila nafsi, ya tajiri na ya maskini. Lakini dumu moja la petroli kwa mwenye mshahara wa mwezi ni usumbufu wa kuchafua nguo, na kwa kijana anayelipa hesabu ya pikipiki ya mtu kila jioni ni siku nzima ya kazi. Aliyebaki pembeni asijisifu haraka kwamba kizuizi chake kilikuwa kirefu zaidi. Huenda kizuizi ni kile kile, na kilichotafautiana ni joto alilomo.

Najua litakaloulizwa. Molekuli haichagui, mtu huchagua. Ukimfananisha mtu na molekuli umemvua jukumu lake, na mtu asiye na jukumu hana utu. Pingamizi hili ni la kweli na silipingi. Walikuwapo waliofika pale wakaona, wakageuka nyuma. Na kugeuka kwao kuna thamani kwa sababu wangeweza kutogeuka. Ninachosema ni kwamba elimu ya molekuli haitufundishi chochote juu ya aliyehukumiwa. Inatufundisha juu ya hakimu. Inatuonesha namna mpimaji anavyoweza kukosea akiwa na hesabu iliyo sahihi.

Na hapa pana somo jengine la kemia ya kwantamu ambalo lingestahiki kujulikana nje ya maabara. Mwanakemia akitaka kujua atomi iliyomo ndani ya molekuli inasukumwa upande gani, huzieleza elektroni kwa kutumia vipimo vilivyofungwa kwenye atomi zenyewe. Atomi ikisogea, kipimo nacho husogea. Basi sehemu ya badiliko unaloliona si badiliko la molekuli; ni kutembea kwa rula yako. Péter Pulay, mwanakemia wa Hungaria, mwaka 1969 alionesha njia ya kuzikokotoa nguvu hizo bila ya kudanganywa na rula. Marekebisho yanayotakiwa yana sura ya kupendeza. Katika jedwali la kawaida la msongamano wa elektroni, kila elektroni huhesabiwa kuwa moja. Katika jedwali la marekebisho, kila elektroni hutiwa kwa mizani ya nishati ya ngazi inayoikalia. Kwa maneno mengine, ili uuondoe udanganyifu wa kipimo kinachotembea nawe, lazima uzipime zile zile ulizokuwa umezihesabu, na matokeo uyatoe kwenye jawabu lako.

Sisi nasi tunapomhukumu mtu wa mbali, rula yetu imefungwa kwetu. Anayemwita mwenziwe mwenye tamaa amejipima yeye kwanza, bila ya kujua, akiwa ameshiba, akiwa hana deni la pikipiki, akiwa amekaa kwenye kivuli. Haki haimtaki aitupe rula. Hakuna asiye na rula. Inamtaka akumbuke imefungwa wapi, na atoe kwenye hukumu yake kile kilichotokana na mahali alipo.

Nimebakisha jambo moja, na kwangu mimi ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 1925 Willy Thomas, Fritz Reiche na Werner Kuhn waligundua kanuni inayohusu mwanga na atomi. Atomi ikipigwa na mwanga, elektroni zake huweza kuruka kutoka ngazi ya chini kwenda ngazi nyingi za juu. Kila mruko una nguvu yake: mwengine ni rahisi, mwengine ni mgumu, mwengine huonekana kama mstari mkali wa rangi, mwengine karibu hauonekani. Chumvi ikiangukia makaa na moto ukageuka manjano, huo ni mruko mmoja wa sodiamu ulio na nguvu kupita mingine. Ukiitazama mirupuko hiyo ya rangi utadhani hakuna usawa duniani. Lakini kila mruko ukiutia katika hesabu kwa mizani yake ya nishati, kisha ukajumlisha yote, mikubwa na midogo, inayoonekana na isiyoonekana, jumla hutoka ni namba kamili, na namba hiyo ni idadi ya elektroni. Hidrojeni ina elektroni moja. Mruko wake wa kwanza una mizani ya 0.416. Miruko mengine yote ya ndani ya atomi ina 0.149 kwa pamoja. Ile ya elektroni kung'oka kabisa na kwenda zake ina 0.435. Jumlisha, msomaji: ni 1.

Tazama kilichotokea. Tumeanza kwa kupima, kila kitu kwa uzito wake, bila ya kulazimisha usawa popote. Na tulipopima kwa ukamilifu, bila ya kuacha hata mruko hafifu, mizani imerejea kuwa hesabu: elektroni moja ni moja. Sidai kwamba maumbile yametunga sheria za maadili. Atomi haijali wema. Nadai tu kwamba hofu yetu ya kwamba kuhesabu na kupima ni maadui haina msingi. Kupima hupingana na kuhesabu pale kunapokomea njiani. Soko la Mkunazini lilipima meno na mikono, likaacha kila kilichobaki. Neno tamaa lilipima mkono ulioshika dumu, likaacha nyumba aliyotoka mwenye mkono huo, likaacha barabara, likaacha mafunzo ambayo hayakutolewa, likaacha ukimya wa miaka kumi baada ya Sachang'wan. Huo ni upimaji wa mruko mmoja uliong'ara, kisha kudai kwamba ndiyo atomi nzima.

Kwa hiyo jawabu langu kwa suali la mwanzo ni hili. Mizigo tuipime, na watu tuwahesabu. Pale penye jukumu, tusigawe lawama sawasawa kama kwamba kila mmoja alibeba sawa, kwani barabara inatufundisha kwamba ekseli nzito huharibu kuliko uzito wake, na mwenye uwezo wa kuweka ulinzi, kufundisha, na kuzuia ana ekseli nzito kuliko mwenye dumu. Pale penye mtu, tumhesabu kuwa mmoja, kamili, bila ya kuuliza alikuwa na sauti gani. Na tukiona kwamba kupima kwetu kumemfanya mtu apungue akawa chini ya mmoja, tujue kwamba hatukumaliza kupima. Ipo miruko tuliyoiacha.

Malenga wetu walilijua hili kwa masikio kabla ya kulijua kwa hoja. Katika mshororo wa mizani 16 mshairi yu huru kuweka maneno mazito upande mmoja na mepesi upande wa pili, kuipandisha sauti pale na kuishusha hapa. Uzito wa maana haugawiki sawa, wala hakuna aliyetaka ugawike. Lakini mwisho wa mshororo anarudi kwenye hesabu, na katika hesabu hiyo ile m ya mwanzo wa neno mtu, isiyo na irabu, isiyosikika vizuri kwa mgeni, ni moja. Anayeiruka kwa kuwa ni nyepesi hana mshororo. Ana maneno tu, tena yamepungua moja.